Abdulrahman bin Auf: Tajiri Aliyeiogopa Nafsi Yake

Siku chache kabla ya kuandika kurasa hizi tuliulizwa swali katika darasa letu la baada ya Alasiri. Muulizaji ni mtu mzima, mwenye duka na jamaa wengi, wala si kijana wa kupenda mabishano. Alisema ya kuwa yeye hutoa. Zaka yake huitoa kwa hesabu, jamaa akifiwa hununua sanda, na mwezi wa Ramadhani hupeleka tende na mchele kwa majirani. Walakini ile raha ambayo wanazuoni wasema humshukia mtoaji, yeye hajaionja bado. Kila atoapo hujiona kama mtu aliyeng'olewa jino: ni lazima, na baadaye kuna afadhali, lakini furaha haipo. Akataka tumwambie kama kasoro imo katika mali yake, au imo katika moyo wake, au pengine ni sisi waalimu tunaoahidi jambo tusilolijua.

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, kwani swali la kweli halijibiwi kwa haraka. Kisha tukaona ya kuwa jawabu lake halimo katika mawaidha bali limo katika maisha ya mtu. Nasi tukamchagua mtu aliyejaribiwa kwa ufukara, akajaribiwa kwa vita, kisha akajaribiwa kwa utajiri, nao ndio mtihani mrefu kuliko yote. Mtu huyo ni Sayyidna Abdulrahman bin Auf, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, mmoja katika Masahaba 10 waliobashiriwa Pepo. Habari zake tutazitaja kwa maana yake, si kwa lafudhi zake, na palipo na shaka katika mapokezi tutasema.

Alizaliwa Makka kadiri ya miaka 10 baada ya Mwaka wa Ndovu, yaani karibu na mwaka 580 wa Miladi. Ukoo wake ni Banu Zuhra, ndio ukoo wa Bibi Amina, mamake Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie. Katika zama za ujahili jina lake lilikuwa Abdu Amri, na baada ya kusilimu akaitwa Abdulrahman. Alisilimu mapema mno, kwa mwito wa Sayyidna Abubakar, kabla Waislamu hawajaanza kukutana katika nyumba ya Al-Arqam. Akahamia Uhabeshi pamoja na waliohamia, akarudi, na ulipofika mwaka 622 akahamia Madina.

Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara anapohama huacha zaidi ya nyumba: huacha watu anaowadai, wateja wake, na jina lake sokoni. Mali yake ilibaki Makka mikononi mwa watu wasiomtakia heri. Madina aliingia mikono mitupu.

Bwana Mtume aliwafungamanisha kwa undugu, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja. Abdulrahman akafungamanishwa na Saad bin Rabii wa kabila la Khazraji, aliyekuwa miongoni mwa Ansari wenye mali nyingi. Saad hakungoja kuombwa. Alimwambia nduguye mpya ya kuwa yeye ana mali kuliko wenziwe, basi ataigawa nusu kwa nusu; tena ana wake wawili, basi Abdulrahman amtazame yule atakayempendeza, naye atamwacha, na eda yake ikisha amwoe.

Jambo hili la mke huwashangaza wasomaji wa leo, na wengine hulifanya la kuchekea barazani. Tusilipime kwa vipimo vyetu. Mtu yule alikuwa akitazama kila kitu alichokuwa nacho, akitafuta namna ya kukikata katikati, wala hakutaka kibaki hata kimoja ambacho hakukitia katika mizani.

Abdulrahman hakuchukua nusu ile. Alimwombea Saad baraka katika watu wake na mali yake, kisha akamwomba jambo dogo sana: amwonyeshe sokoni. Akaonyeshwa soko la Banu Qainuqai. Akenda, akauza, akanunua, akarudi na jibini kavu na samli, nayo ndiyo faida yake ya siku ile. Kesho yake akenda tena.

Mawaidha mengi husimama hapa, yakasifu bidii ya kazi na kuchukia kuomba. Sifa hizo ni haki, na vijana wetu wanaokaa vibarazani wakingoja kazi iwafuate wanazihitaji. Lakini sisi twaona katika kisa hiki jambo jingine ambalo husahauliwa. Abdulrahman alikataa nusu ya mali, ila hakuweza kukataa kuwa amepewa. Mtu aliyekuwa hana hata dirhamu moja, akaelekezewa nusu ya kila kitu na mtu ambaye juzi hakumjua, hawezi tena kuitazama mali kama alivyoitazama jana. Tangu siku ile alijua kwa macho yake jinsi mkono wa mwanadamu unavyoweza kufunguka. Haya ni maoni yetu, na msomaji ana hiari kuyapima; walakini tukimfuata Abdulrahman mpaka siku ya kufa kwake, twamwona kama mtu anayelipa deni la mkopo asiouchukua.

Haukupita muda mrefu akatokea mbele ya Mtume akiwa na alama ya manukato ya manjano. Mtume akamwuliza habari yake, akaeleza ya kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari, na mahari aliyotoa ni dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende. Mtume akambarikia, akamwamuru afanye karamu ya arusi japo kwa kondoo mmoja.

Kondoo mmoja! Twaomba radhi kwa kusimama hapa kidogo. Hapa kwetu pwani mtu huuza shamba au huweka rehani dhahabu ya mamake ili arusi yake isemwe vizuri mtaani, na arusi ikisha huanza kuwakimbia wenye kumdai. Naye huamini ya kuwa amekuwa karimu. Amelisha watu, ni kweli, lakini aliwalisha kwa kuwaogopa. Ndugu yetu wa darasani alipohesabu mbele yetu mambo aliyoyatoa mwaka ule, fungu lililokuwa kubwa kuliko yote halikuwa la sadaka wala zaka: lilikuwa la arusi ya binti yake, na aliposema kiasi chake aliinamisha macho. Twadhani hapo alikuwa amekwisha kujijibu nusu ya swali lake. Mali inayotoka kwa kuogopa ndimi za watu haiwezi kumrudishia mwenyewe furaha, kwani hakuitoa yeye: imechukuliwa.

Turudi kwa Abdulrahman. Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, alipatwa na kisa ambacho twakipenda kwa sababu chamwonyesha yu mtu kama sisi. Yeye na Umayya bin Khalaf, mkubwa wa makafiri wa Makka, walikuwa wameandikiana mkataba, huyu alinde mambo ya mwenziwe Makka na yule alinde ya mwenziwe Madina. Katika mkataba ule Umayya alikataa kuliandika jina la Abdulrahman, akidai kuwa hamjui Rahmani, hata likaandikwa jina lake la zamani. Siku ya Badri, vita vilipokwisha, Abdulrahman alikuwa amebeba deraya alizozipata katika ngawira. Akamwona Umayya na mwanawe, wakamwomba awateke wao, kwani fidia yao ni bora kuliko deraya. Akazitupa deraya akawashika mkono. Mara Bilali akamwona Umayya, yule yule aliyemtesa juani katika mchanga wa Makka, akapiga ukelele akawaita Ansari, na baba na mwana wakauawa pale pale. Abdulrahman akakosa deraya akakosa na mateka. Miaka ya baadaye alikuwa akimwombea Bilali rehema huku akikumbusha ya kuwa siku ile alimtia hasara mbili. Walioisikia habari hii wakaipokea kama mzaha wa mtu asiye na kinyongo.

Mwaka uliofuata, katika Uhudi, alisimama imara pamoja na Mtume watu walipotawanyika. Alipata majeraha 20 au zaidi, moja katika mguu likamwacha akichechemea maisha yake yote, na meno yake ya mbele yakavunjika. Na siku ile ile Saad bin Rabii aliuawa.

Lililofuata baada ya kifo cha Saad latupasa kulitaja, kwani lahusu mali. Saad aliacha mke na binti wawili. Ndugu yake mwanamume akaizuia mali yote kwa ada ya zama zile, wasichana wasibakiwe na kitu. Mjane akenda kwa Mtume kushtaki ya kuwa mabinti hawa wa shahidi hawataolewa hali hawana mali. Ikateremka aya ya mirathi, na Mtume akamwamuru ndugu yule awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na yeye achukue kilichobaki. Mtu aliyekuwa tayari kutoa nusu ya mali yake kwa mgeni, watoto wake walikuwa karibu kunyimwa yote na ami yao. Choyo na ukarimu hukaa nyumba moja, na pengine hunyonya titi moja.

Abdulrahman akaendelea na biashara, na baraka ikamfuata. Alikuwa akisema juu ya nafsi yake maneno yenye maana ya kuwa hata akiinua jiwe hutumaini kukuta chini yake dhahabu au fedha. Katika mwaka wa 6 Mtume alimfunga kilemba kwa mkono wake akamtuma Dumatul Jandali, akawalingania watu wa huko, na mkubwa wao akasilimu. Abdulrahman akamwoa binti yake, Tumadhiri, naye ndiye mamake Abu Salama, aliyekuja kuwa katika wanazuoni wakubwa wa Madina.

Mwaka wa 9, ambao ni 630 wa Miladi, Mtume alitangaza safari ya Tabuki. Wakati ulikuwa wa joto kali, matunda yalikuwa karibu kuiva, na jeshi halikuwa na vipando. Watu wakaitwa watoe. Mapokezi yatofautiana juu ya kiasi alichotoa Abdulrahman. Katika yaliyo mashuhuri ni kuwa alikuwa na dirhamu 8,000, akaleta 4,000 akawaachia watu wa nyumba yake 4,000. Yaani alitoa nusu. Hatuwezi kusoma habari hii bila ya kukumbuka ile nusu aliyoelekezewa na Saad miaka 8 iliyotangulia.

Siku ile ile akaja mtu masikini, Abu Aqili, akaleta pishi moja ya tende aliyoipata kwa kufanya kazi usiku. Wanafiki walikuwa wamekaa wakitazama. Juu ya Abdulrahman wakasema hakutoa ila kwa ria, na juu ya yule masikini wakasema Mungu hana haja na pishi yake. Ndipo zikateremka aya katika Sura ya Tauba kuwafedhehi wale wanaowaaibisha watoaji, mwenye kingi kwa kingi chake na mwenye kidogo kwa kidogo chake. Jambo la kutazamwa ni kuwa hatusikii popote ya kwamba Abdulrahman alijitetea, wala kwamba mwaka uliofuata alipunguza mkono wake. Mtu anayetoa ili asifiwe hukatika anapotukanwa.

Katika safari hiyo ya Tabuki Mtume alichelewa kwa ajili ya udhu, watu wakamtanguliza Abdulrahman katika sala ya Alfajiri, na Mtume akafika akasali nyuma yake. Hii ni heshima ambayo dhahabu haiinunui, nasi twaitaja tukapita.

Baada ya kufa Bwana Mtume, biashara ya Abdulrahman ilikua mpaka ikawa ni mlango wa riziki wa mji mzima. Imepokewa ya kuwa watu wa Madina walikuwa kama watu wa nyumba yake: theluthi yao akiwakopesha, theluthi akiwalipia madeni, na theluthi akiwaunga kwa zawadi. Aliuza ardhi kwa Sayyidna Uthmani kwa dinari 40,000, akazigawa kwa jamaa zake wa Banu Zuhra, na kwa mafakiri, na kwa Mama wa Waumini. Bibi Aisha alipoletewa fungu lake alimwombea Mwenyezi Mungu amnyweshe katika chemchemi ya Salsabili iliyoko Peponi.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya kisa kinachosimuliwa sana. Husemwa ya kuwa siku moja Madina ilitikisika kwa ngurumo ya msafara wa ngamia 700 wa Abdulrahman, Bibi Aisha akataja kuwa alimsikia Mtume akisema Abdulrahman ataingia Peponi kwa kutambaa, naye aliposikia akautoa msafara wote, ngamia na mizigo na matandiko, katika njia ya Mungu. Kisa ni kizuri kusikiliza, lakini maimamu wa Hadithi wamekikataa, na Ibnul Jauzi amekitia katika Hadithi za kuzuliwa. Sisi hatuna raha kukiona kikisomwa bila ya tahadhari, kwa sababu chafundisha mambo mawili mabaya. La kwanza, kuwa utajiri wa halali ni aibu kwa Mwislamu, na hali yake aliyebashiriwa Pepo kwa Hadithi sahihi haifai kuelezwa kwa kutambaa. La pili, kuwa mtu yule alitoa kwa kutishwa. Nasi tumekwisha kuona ya kuwa alitoa nusu ya dirhamu 8,000 pasi na kutishwa na mtu, na alitoa alipokuwa na kidogo kabla hajawa na kingi. Wako kwetu wanaosema watatoa wakitajirika. Yeye hakungoja.

Sasa twafikia mapokezi mawili ambayo kwetu ndiyo kiini cha maisha yake.

La kwanza ni la mtu mmoja aliyekuwa akitufu Alkaaba. Akamsikia mbele yake mtu anayeomba dua moja tu, hazidishi: kwamba Mola amkinge na choyo cha nafsi yake. Akashangaa, akamwuliza kwa nini haombi jingine. Akajibiwa ya kuwa mtu akikingwa na choyo cha nafsi yake hataiba, wala hatazini, wala hatafanya uovu mwingine. Akatazama uso, kumbe ni Abdulrahman bin Auf.

Tulipolisoma pokezi hili katika darasa letu, ndugu yetu mwenye duka alinyamaza muda mrefu. Mtu aliyetoa mali ambayo sisi hatuwezi hata kuihesabu, akiwa mahali ambapo dua haina pazia, haombi faida wala maisha marefu. Aomba alindwe na mkono wake mwenyewe usijifumbe. Basi na yeye alikuwa akiusikia ule mvuto wa nafsi. Jino lilikuwa likimwuma na yeye. Uzito anaouona mtoaji si dalili ya kuwa sadaka yake imekataliwa. Ni mlio wa choyo kinapofunguliwa kamba.

Na dua ile aliitoa wapi? Maana yake imo katika Sura ya Hashri, katika aya inayowasifu Ansari ya kuwa waliwapenda waliohamia kwao, wakawatanguliza mbele ya nafsi zao hata wao wenyewe walipokuwa wahitaji. Kisha aya ikamalizia kwa kueleza kuwa wanaokingwa na choyo cha nafsi zao ndio wenye kufuzu. Hiyo ni aya ya akina Saad bin Rabii. Abdulrahman, aliyekuwa amepita umri na kupita utajiri, alikuwa akizunguka Nyumba ya Mungu akiomba apewe moyo wa mtu aliyempokea siku ile ya njaa.

Pokezi la pili limo katika Sahihi ya Bukhari. Siku moja alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturia. Akamkumbuka Musabu bin Umairi, akamtaja kuwa ni bora kuliko yeye, aliuawa akakosa sanda ila shuka moja: wakifunika kichwa miguu yatoka nje, wakifunika miguu kichwa chaonekana. Akamtaja na Hamza. Kisha akataja walivyokunjuliwa dunia baadaye, akaeleza hofu yake kuwa huenda malipo ya mema yao yametangulizwa hapa hapa. Akalia mpaka akaacha chakula. Na katika pokezi jingine, aliwaandalia watu sinia ya mkate na nyama, chakula kilipowekwa akalia, akikumbuka ya kuwa Mtume alifariki hali yeye na watu wa nyumba yake hawakushiba mkate wa shayiri.

Msomaji asidhani ya kuwa mtu huyu alikuwa mwenye huzuni. Alioa, alizaa watoto wengi, alifanya mizaha, alivaa nguo njema. Imepokewa alivaa joho la dirhamu 400 au 500, na pokezi jingine lasema alikuwa hatambulikani akiwa kati ya watumwa wake. Huenda yote mawili ni kweli kwa siku mbalimbali. Lakini utazame machozi yake yalipokuwa yakitoka. Hatusomi kuwa alilia mali ilipomtoka, iwe ni deraya za Badri au dirhamu za Tabuki au dinari 40,000 za ardhi. Alilia kwa kilichobaki mbele yake katika sinia. Wengi wetu mambo yetu ni kinyume: tunacholilia ni kilichotoka, na kilichobaki ndicho tunachokiita furaha. Ndugu yetu alituuliza raha ya kutoa iko wapi, naye alikuwa akiitafuta katika saa ya kutoa, kama mtu anayetafuta shibe mdomoni. Kwa Abdulrahman raha ile ilikuwa ni wepesi uliomfuata popote alipo: sokoni hakuwa mtumwa wa faida, vitani hakushikwa na alichokiacha nyumbani, na alipotukanwa hakuhesabu hasara.

Wepesi huo ulionekana wazi zaidi katika jambo ambalo watu hulipenda kuliko mali. Sayyidna Umar alipochomwa kisu katika sala, mwisho wa mwaka wa 23, alimshika Abdulrahman mkono akamtanguliza awasalishe watu. Kisha akawawekea shauri watu 6 wamchague Khalifa miongoni mwao. Abdulrahman alijitoa yeye mwenyewe katika kuchaguliwa, ili apate kuamua kati ya waliobaki. Siku tatu akawa haoni usingizi wa kutosha, akiwauliza watu wa Madina mmoja mmoja na makundi makundi, mpaka akampa mkono Sayyidna Uthmani. Ufalme ulikuwa karibu na mkono wake kuliko mikono ya wengi, akaupitisha kwa mwingine.

Alifariki Madina mwaka wa 32 wa Hijra, ambao waangukia 652 au 653, umri wake ukiwa miaka 75 kwa kauli moja, akazikwa Baqii. Aliacha ngamia 1,000, kondoo na mbuzi 3,000, farasi 100, na mashamba huko Jurfu yaliyonyweshwa kwa ngamia 20. Imepokewa kuwa dhahabu aliyoiacha ilikatwa kwa mashoka mpaka mikono ya wakataji ikatoka malengelenge, na kuwa mke wake mmoja alitoka na 80,000 kwa fungu lake la thumuni. Haya twayataja kwa makusudi, kwa ajili ya wanaoogopa ya kuwa mkono ukifunguka watoto watalala njaa.

Kabla ya mirathi kugawanywa ulitolewa wasia wake. Aliusia dinari 50,000 katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mama wa Waumini aliwausia bustani iliyouzwa kwa 400,000. Na kila mtu aliyepigana Badri akawa bado yu hai, aliusia apewe dinari 400. Wakahesabiwa, wakapatikana watu 100, wazee kwa wakati ule, wengine wao mafakiri na wengine wamekwisha kutajirika. Wakaja wakachukua mafungu yao. Sayyidna Uthmani, naye ni Khalifa na tajiri asiyehitaji dinari za mtu, alichukua fungu lake pamoja nao, akaeleza sababu yake: mali ya Abdulrahman ni halali iliyo safi, na kula katika mali ile ni afya na baraka.